Volti 13.8: Shajara ya Kilosa na Mikumi

Jumamosi, 1 Februari 2025. Kilosa

Redio ya ridhaa ipo, leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ipo, antena iko juu ya mwembe. Kinachokosekana ni cha kuilisha redio. Ni Icom IC-718 ya mtumba, inataka volti 13.8 za mkondo mnyoofu, na ikituma kwa nguvu zake zote, wati 100, inavuta hadi ampea 20. Ikisikiliza tu haifiki hata ampea 2. Adapta ya laptopu haiwezi kazi hii.

Pawa saplai mpya ya aina hii, kwa bei niliyotajiwa Dar, inakaribia nusu ya pesa niliyonunulia redio yenyewe. Sina. Na hata ningekuwa nazo, ningetaka wanafunzi wangu wa fizikia waone kwamba kitu hiki kinatengenezeka kwa vifaa vilivyozagaa Kilosa na Mikumi. Kwa hiyo nimeamua: naitengeneza mwenyewe, iwe tayari kabla masika hayajakolea.

Kwa kumbukumbu: namba hii 13.8 imetoka kwenye gari. Injini ikiwaka, altaneta huipandisha betri ya volti 12 hadi karibu na 14, na redio hizi zilibuniwa zifanye kazi hata ndani ya gari. Kiwanda kinaruhusu asilimia 15 juu au chini, yaani kuanzia volti 11.73 hadi 15.87. Ikizidi hapo, redio inaweza kuungua.

Jumapili, 2 Februari. Kilosa

Nimepita kumjulia hali mzee mmoja mstaafu wa reli, jirani yetu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Simu yako ya upepo imeshaanza kusema?”

Nikamweleza kuwa bado. Akatikisa kichwa, akaanza kunisimulia tena mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipovunja tuta, ukaingia mjini, ukachukua nyumba na vipande vya reli ya kati. Maelfu ya watu waliishia kwenye mahema. Anasema kilichomuuma zaidi ni kutojua. Umeme ulikatika, simu zikaisha chaji moja baada ya nyingine, na mtu aliyekuwa Kimamba hakujua kama nduguye wa Kilosa yu hai. Miaka minne baadaye, Januari 2014, yakawa ya Magole na Dumila.

Nimemsimulia na mimi habari ya Bharathi Prasad, mwanamke wa India mwenye alama ya wito VU2RBI. Desemba 2004 alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake wa redio ya ridhaa. Tsunami ilipopiga tarehe 26 na simu za kawaida zikazima, kituo chake kikageuka kuwa mlango wa habari kati ya visiwa na bara: nani amesalimika, wapi kunahitajika dawa. Hakuwa amekwenda kwa ajili ya maafa. Alikuwa na kituo kinachofanya kazi siku kilipohitajika, basi.

Mzee amesikiliza mpaka mwisho, akasema: “Basi fanya haraka. Mvua haingoji fundi.”

Jumatano, 5 Februari. Kilosa

Nimepima njia zote kwenye karatasi.

Ya kwanza ni ile ya zamani: transfoma kubwa, diodi nne, kapasita, kisha transista nene kama 2N3055 nne zikiongozwa na chipu ya LM723. Ni safi, haina kelele hewani, na fundi yeyote wa redio anaielewa. Lakini transfoma ya wati 400 imejaa shaba, na shaba ni ghali. Halafu joto: ikiingia volti 22 na kutoka 13.8 kwa ampea 20, wati 164 zinapotea bure. Hiyo ni pasi ya umeme ndani ya kasha.

Ya pili, transfoma ya maikrowevu iliyokufa, iondolewe nyaya za upande wa volti kubwa na kuzungushiwa upya waya mnene. Inawezekana, ila Kilosa maikrowevu mbovu hazipatikani kila siku.

Ya tatu, betri ya gari peke yake na chaja. Nzuri umeme ukikatika, lakini betri mpya ndiyo ghali kuliko vyote, na inazeeka.

Ya nne ni pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Kompyuta hizi zimetupwa kila mahali: maofisini, shuleni, kwenye vibanda vya stesheneri. Ndani yake mna kila kinachotakiwa isipokuwa volti 1.8 za nyongeza, kwa kuwa inatoa 12 na mimi nataka 13.8. Nachagua hii. Betri nitaiongeza baadaye pembeni.

La kuzingatia wakati wa kununua: wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazinisaidii. Nasoma mstari wa +12V tu. Kuna moja ya “wati 400” yenye ampea 12 kwenye mstari huo na nyingine yenye 18. Nimechukua ya 18, kwa shilingi 10,000, kwa fundi kompyuta wa pale karibu na stendi.

Jumamosi, 8 Februari. Mikumi

Nimeshuka Mikumi kwa njia ya kata ya Ulaya, gari limejaa magunia. Nilikuja kutafuta nyaya, na kwa nyaya hakuna mahali kama hapa. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inakatiza mjini, malori yanaharibikia hapa, na mafundi wana marundo ya vitu walivyovua.

Nimepata mita tatu za waya mnene wa shaba uliokuwa wa betri, kishikio cha fyuzi cha plastiki ngumu, na fyuzi za ampea 25. Waya mwembamba ni adui wa kimyakimya: ampea 20 zikipita kwenye waya wenye ukinzani wa sehemu moja ya ishirini ya omu tu, volti 1 nzima inapotelea njiani.

Nilikuwa pia natafuta balbu za taa kubwa za gari, H4, za kupimia mzigo. Nikaokota nne kwenye ndoo. Kijana wa karakana akanisogelea.

“Madam, hizo acha. Za volti ishirini na nne, za malori. Unataka za gari dogo?”

“Za kumi na mbili, ndiyo.”

Akazigeuza kitako moja baada ya nyingine akinionyesha maandishi. Umbo ni lile lile, kishikio kile kile. Tofauti iko kwenye herufi ndogo zilizochongwa juu ya chuma: 24V 75/70W kwa hizi, 12V 60/55W kwa zile. Akaenda nyuma akarudi na nne za kumi na mbili zilizotumika. Nikamwuliza alijifunzia wapi, akasema VETA, hapahapa Mikumi, umeme wa magari. Ameniomba nimjulishe siku ya majaribio.

Kurudi, juu yetu zilikuwa nyaya za msongo mkubwa kutoka Kidatu. Kituo kile cha megawati 204 kilianza kuzalisha mwaka 1975, na kipo mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Jumapili, 9 Februari. Kilosa

Leo nimefungua kasha. Naandika sehemu hii kwa utaratibu maana ndiyo inayoua.

Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna dunia mbili. Upande wa kwanza unapokea volti 230 za ukutani na kuzinyoosha moja kwa moja, zinakuwa volti 325 hivi, zinawekwa kwenye kapasita mbili kubwa. Upande wa pili, baada ya transfoma ndogo ya rangi ya njano, ndiko kuliko na volti ndogo ninazozitaka. Upande wa kwanza hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Na lile bati la kupozea joto la upande huo linaweza kuwa limeunganika na umeme wa ukutani: usiliguse likiwa hai, hata kwa bisibisi.

Utaratibu wangu: nachomoa, nasubiri, naunganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye miguu ya kapasita kwa nyaya zenye mpira mzima, kisha napima kwa mita. Mita ikisema chini ya volti 5, ndipo mkono unaingia. Mkono mmoja. Mwingine mfukoni.

Kuna pia swichi ndogo nyekundu ya nyuma, 115 na 230. Nimeiweka 230 na kuipaka gundi isisogee. Ikiachwa kwenye 115 hapa kwetu, kapasita zinapasuka.

Jumatano, 12 Februari. Kilosa

Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili jioni, nimefanya kazi kwa taa ya sola.

Rangi za nyaya, nazibandika ukutani kwa ajili ya wanafunzi: njano ni volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, nyeusi ni hasi, zambarau ni volti 5 za kusubiri, kijani ni wa kuwashia. Kijani ukiugusisha na mweusi, feni inazunguka.

Ubongo wake ni chipu ya TL494. Kazi yake ni kulinganisha. Inapokea sehemu ndogo ya volti inayotoka, inaipima na volti 2.5 za rejea, na kama iliyotoka imepungua inarefusha mapigo ya umeme yanayoingia kwenye transfoma, ikizidi inayafupisha. Hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo siilazimishi kutoa 13.8. Nabadilisha kipimo chake tu, yenyewe inafuata.

Hesabu: rezista ya chini kilo-omu 2.2, ya juu kilo-omu 10. Gawanya, jumlisha 1, zidisha kwa 2.5. Inatoka 13.86. Pale juu naweka 9.1 ya kudumu na nyingine ndogo ya kuzungusha ya kilo-omu 1, nipate nafasi ya kurekebisha.

Nimempa binti wa kidato cha tatu hesabu hiyo bila jibu. Amerudi nayo kabla ya kengele ya mchana, na swali juu: “Madam, ile rezista ya juu ikikatika je?” Swali kubwa. Ikikatika, chipu itaona sifuri, itadhani volti imeanguka, itasukuma kwa nguvu zote. Redio itapokea volti ambazo haikuumbiwa. Jibu lake ni kazi ya wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Februari. Kilosa

Kifurushi cha Kariakoo kimefika kwa basi. Shilingi 18,000 pamoja na nauli.

Kapasita za mstari wa volti 12 zilikuwa za volti 16. Kwa 13.8, karibu na joto la feni, hazina pumzi. Nimeweka za volti 25, nyuzijoto 105. Diodi nazo nimebadilisha. Kuna kishawishi cha kuhamisha zile nene za mstari wa volti 5, lakini zina uwezo wa volti 45 tu, na kwenye mstari huu hupigwa na zaidi ya hapo kwa nyuma. Nimefunga za volti 100. Mistari ya volti 5 na 3.3 nimeiondoa yote. Ulinzi wa ubao husoma mistari hiyo, ukiikosa unazima kila kitu, kwa hiyo nimeupa volti 5 za kusubiri uzisome. Ule wa mstari wa volti 12 nimeurekebisha uendane na 13.8. Sijaung’oa.

Kuwasha mara ya kwanza: balbu ya wati 60 nimeifunga kwenye njia ya umeme wa ukutani. Kungekuwa na shoti ndani, balbu ingewaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na hakuna kingine kingeungua. Ilimulika mara moja, ikafifia. Mita: 13.4. Nikazungusha kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki hadi 13.8.

Jumanne, 18 Februari. Kilosa

Jibu la swali la binti yule. Kwenye matokeo nimeweka tharista na diodi ya zena ya volti 15. Volti ikipanda kufika kama 15.7, zena inafunguka, tharista inafunga shoti makusudi kati ya chanya na hasi, pawa saplai inajizima au fyuzi inakatika. Redio inabaki salama. Nimeijaribu kwa chanzo kingine kidogo cha umeme, redio ikiwa mbali kabisa: imefunga pale pale ilipotakiwa.

Vitu hivi viwili havifiki shilingi 4,000. Vinalinda redio ya mamia ya maelfu. Anayejenga kitu cha bei nafuu akaviacha hivi, hajaokoa pesa, ameahirisha hasara.

Jumamosi, 22 Februari. Mikumi

Majaribio ya mzigo, karakanani kwa yule kijana. Amekuja na wenzake wawili waliosoma VETA.

Bila mzigo: 13.82. Balbu moja: 13.79. Mbili: 13.75. Tatu, karibu ampea 14: 13.68. Ya nne tumeiwasha kwa dakika chache tu, maana inavuka ampea 18 zilizoandikwa: 13.57. Tatu tukaziacha nusu saa. Kijana aliweka kiganja juu ya kasha, akanusa kwenye feni, akasema hakuna harufu ya varnishi. Bati la diodi lilikuwa la moto lakini unaweza kulishika kwa sekunde kadhaa.

Kwa hiyo kipimo cha kazi ni hiki: ampea 14 bila wasiwasi. Redio nitaiwekea kikomo cha wati 50. Kutoka 100 kushuka 50, anayekusikiliza upande wa pili haoni tofauti kubwa. Ni nusu ya hatua moja kwenye mita yake. Pawa saplai nayo inaishi miaka.

Mmoja wao aliuliza faida ya yote haya wakati kila mtu ana simu. Nikamjibu kwamba simu inategemea mnara, mnara unategemea umeme na dizeli, na dizeli inategemea barabara. Hapa Mikumi lori moja likilala barabarani kila mtu anajua maana yake. Redio yangu inategemea waya wa mita 20 na kasha hili. Hakubisha. Aliomba mchoro.

Jumatano, 26 Februari. Kilosa

Kelele. Nilizitegemea.

Kwenye megahezi 7, redio ikiwa kwenye betri niliyoazima, mita ya mawimbi inakaa S2. Kwenye pawa saplai yangu inapanda S6, na kuna mlio unaojirudia kila baada ya kilohezi kadhaa. Mapigo yale ya haraka ya transista yanavuja kupitia nyaya, nyaya zinageuka antena.

Dawa: nimevunja vinundu vya feraiti kwenye nyaya za skrini za zamani za kompyuta, zile zenye kiuvimbe karibu na plagi. Nyaya za kutokea nimezizungusha mara saba kwenye pete kubwa ya feraiti, waya wa ukutani nao hivyo hivyo. Kapasita ndogo za maikrofaradi 0.1 kati ya kila waya wa kutokea na kasha. Rangi ya kasha nimeikwangua pale mabati yanapokutana, chuma kiguse chuma. Na waya wa ethi wa plagi umeingia kwenye kasha sawasawa.

Sasa ni S3 dhaifu. Mlio haupo kwenye 7.110, masafa ambayo kanda yetu ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, imeyatenga kuwa kituo cha dharura. Hapo ndipo nilipotaka pawe safi kuliko pote.

Jumapili, 2 Machi. Kilosa

Ramadhani imeingia. Baada ya futari na tarawehe nimewasha.

Antena ni ya chini, mita sita tu juu ya ardhi, na nimeiweka hivyo kwa kusudi. Mawimbi yanapanda karibu wima, yanarudi chini na kufunika mamia ya kilomita kuzunguka, yakiruka milima ya Ukaguru na Rubeho ambayo ingezuia redio za mkononi. Usiku wimbi la megahezi 7 huruka mbali zaidi, nikaita, akajibu mwenzangu wa 5Z4, Kenya. Nilimwomba aseme ukweli kuhusu sauti.

“Safi, hakuna mvumo wowote,” akasema. “Unatumia betri?”

Nikamwambia ni pawa saplai ya kompyuta iliyotupwa. Akanyamaza kidogo, kisha akataka namba za rezista. Tumezungumza muda mrefu, tukipokezana hesabu. Enzi za wazee wetu angekuwa VQ4 na mimi VQ3, herufi za wakoloni. Leo 5Z na 5H zinahesabu rezista kwa Kiswahili, na nimefurahi sana.

Jumamosi, 8 Machi. Kilosa

Hesabu ya mwisho, kwa atakayefuata. Pawa saplai mbovu 10,000. Vifaa vya Kariakoo 18,000. Nyaya, kishikio na fyuzi 12,000. Balbu nne 8,000. Swichi, vituo vya kufungia nyaya na skrubu 7,000. Feraiti bure. Jumla shilingi 55,000, bila betri.

Nimeifungia betri pembeni, kupitia diodi nene na fyuzi yake. Betri ya ampea-saa 70, nikitumia nusu yake na kutuma kwa zamu, itanipa karibu saa kumi na moja bila umeme wa ukutani. Paneli ya sola ikipatikana, usiku unaofuata nao umepatikana.

Leo, Siku ya Wanawake, nimewaita wasichana wa klabu ya fizikia. Nimewaonyesha mahali pa kubana pesa na mahali pasipobanwa. Kasha, rangi, vitufe, urembo, hapo bana uwezavyo. Fyuzi, waya wa ethi, unene wa nyaya, tharista ya ulinzi, volti za kapasita, hapo lipa. Unafuu wa kifaa hiki umetokana na kujua kila kipande kinafanya nini, na anayejua hivyo ndiye pekee aliye na haki ya kupunguza kitu.

Binti wa kidato cha tatu ameomba kujenga cha pili, cha kuwekwa ofisi ya kata kabla ya Aprili. Nimemkabidhi daftari hili anakili michoro. Jumatatu tunaanza kutafuta kompyuta nyingine mbovu, na Mikumi nimeshatuma ujumbe: balbu nne, za volti kumi na mbili.